Siku Vijana wa Huruma Walipopimwa kwa Urefu

Mliniomba niandike kitu cha kuwafaa nyinyi mnaobaki kazini. Mkaongeza kwamba kisiwe kirefu, na kiwe cha kutia moyo. Hilo la pili mtanisamehe. Nimefanya kazi na vijana wa Eldoret tangu nikiwa msichana wa sketi ya kuazima mpaka leo wajukuu wananiita kogo, yaani bibi, na kazi yenyewe haikunitia moyo kila siku. Mambo ya vyeo na mishahara waulizeni waliovipata. Mimi nitawaeleza habari za makopo ya mafuta ya kupikia, mkono wa sweta kuukuu, na mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii yote kisha akaiua mbele ya macho yangu.

Kwetu ni Sugoi, watu wa mahindi na maziwa. Nilipoajiriwa nilitumwa kwenye ukumbi wa jamii wa mtaa wa Huruma niwe msaidizi wa maendeleo ya jamii, cheo ambacho mama yangu hakuweza kuwaeleza majirani mpaka akafa. Alikuwa anawaambia ninaangalia watoto wa watu mjini. Siku ya kwanza nilitarajia meza na kabati. Nikakuta chumba kikubwa cha mabati, mabenchi yamerundikwa kwenye kona, na mzee mwembamba mwenye filimbi shingoni akifunga dirisha kwa waya. Huyo ndiye Mzee Barasa, mkuu wa ukumbi.

"Wewe ndio madam mpya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umekuja na kiti?"

"Hapana."

"Hiyo ni vizuri. Wenye wanakujanga na kiti hukaa tu hapo."

Somo la kwanza nililipata kabla sijavua koti. Mabenchi ya ukumbi hayapangwi na ofisa. Ofisa anafika mapema, anasimama mlangoni, na anawaacha vijana wayabebe wenyewe. Anayebeba benchi leo atarudi wiki ijayo, kwa sababu ameshaona hii ni nyumba yake. Anayekuta benchi limepangwa anakaa kama mgeni, na mgeni huaga. Nimewaona wengine wenu mkipanga viti vya plastiki tangu alfajiri, na kwa kila kiti mmeweka chupa ya maji. Endeleeni.

Somo la pili lilikuwa makopo. Mzee Barasa alikuwa na makopo makubwa ya mafuta ya kupikia, yale ya bati, na kwenye mdomo wa kila kopo alikuwa ameshona mkono wa sweta. Vijana wakitaka kuamua jambo, kila mmoja anapewa punje moja ya hindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Unaingiza mkono ndani ya ule mkono wa sweta, unaachia punje unayotaka, na ile nyingine unaitupa kwenye kopo la pili. Hakuna anayeona. Chini ya kopo alitandika kitambaa, maana alisema haragwe kubwa lina sauti yake likianguka kwenye bati, na kuna watu wana masikio marefu. Kukiwa na kuchagua mtu, kila mgombea alikuwa na kopo lake nyuma ya pazia la jukwaa, na kila kijana alikuwa na hindi moja. Mwisho tunamwaga mezani, tunahesabu kwa sauti, na punje zote zinaingia sufuriani. Ndiyo, kura zetu zilikuwa zikipikwa, lakini baada ya kuhesabiwa, na tulizila pamoja.

"Kwa nini wasiinue mikono tu?" nilimuuliza.

"Msichana akiinua mkono," akasema, "huwa anaangalia kwanza kakake ameinua nini."

Lazima niwaambie pia kwamba Mzee Barasa alikuwa mwalimu wa michezo na gwaride kabla hajaja kwetu, na hiyo filimbi haikuwa pambo. Jumamosi watoto wadogo wakija kupewa uji alikuwa anawapanga laini kwenye kiwanja cha mpira kilicho mbele ya ukumbi. Anapuliza, anasema, "Nyoosha mkono. Pima." Kila mtoto ananyoosha mkono mpaka vidole viguse bega la aliye mbele, kisha anaushusha, na nafasi inabaki pale pale. Laini ya Mzee Barasa ungeijua hata ukiwa mbali. Ilikuwa imenyooka, ina mwanya sawa kila mahali, na watoto wachache tu walikuwa wanajaza uwanja.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na ua mkubwa uliojaa takataka. Vijana walipiga kura ya makopo, mahindi yakashinda, wakausafisha wenyewe. Baada ya hapo watu wakaanza kujisogeza. Akina mama wa kanisa walileta cherehani mbili za miguu. Mwenye kiwanda cha mbao alitoa mabanzi, na fundi wake mmoja akawa anakuja kufundisha kupiga randa. Bwana wa maji alituvutia bomba baada ya kusumbuliwa mpaka akawa anajificha akiniona sokoni. Tukajenga kibanda cha mabati, na ule ua ukawa karakana.

Kesi ngumu ya wakati ule ilikuwa zahanati. Wasichana walikuwa hawaendi, kwa sababu nesi alikuwa anauliza maswali yake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mimi nilitaka kumshtaki kwa wakubwa wake. Mzee Barasa akanikataza. Alimwalika nesi aje aone karakana, akamkalisha karibu na cherehani, akamwambia alete gauni lake lililochanika ashonewe na wale wale wasichana aliokuwa akiwafokea. Walimshonea vizuri, bila maneno. Wiki iliyofuata nesi alirudi mwenyewe, na tangu hapo kila Jumatano mchana alikuwa anakaa uani na kikapu chake, na wasichana wanamwendea mmoja mmoja huku mashine zikipiga kelele za kuficha mazungumzo. Huo ndio ushirikiano wa huduma mnaouandikia vitabu sasa. Ulianza na gauni.

Mzee Barasa hakuishia hapo. Kamati ya ukumbi ilikuwa ya watu wazima watupu, naye akapigana mpaka wakakubali kiti kimoja kiwe cha vijana, na waandike kwenye kanuni kwamba ua hautapewa kazi nyingine bila mwakilishi wa vijana kukubali. Wazee walicheka, wakaandika. Waliona ni kubembeleza watoto. Kumbukeni kwamba ni yeye aliyeidai kanuni hiyo, mtu mwingine hakuifikiria.

Mwakilishi wetu wa mwisho wa haki alikuwa Nyambura. Alizaliwa mtaa wa Munyaka, mama yake muuza sukuma wiki, baba hayupo. Alikuja kwetu hajui kutia uzi kwenye sindano, na baada ya muda akawa anafundisha wengine. Alikuwa mfupi, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kumaliza kushona mshono wake kwanza ndiyo akujibu. Wakubwa walikuwa wanaona ni dharau. Mimi niliona ni mtu anayejua kazi inaanza wapi.

Basi diwani wetu wa wakati ule akautamani ua. Sitamtaja, na wala si lazima, kwa sababu madiwani wa aina yake walikuwa wengi. Mji ulikuwa unajengwa kila upande, na ua wetu ulikuwa unapakana na barabara. Akaja na wazee wawili wa chama, akatembea humo ndani na fimbo yake, akasema hapa pangefaa duka la vifaa vya ujenzi. Vijana wangepata ajira, alisema. Nyambura akamaliza mshono wake.

"Mheshimiwa," akasema, "duka la misumari ni jambo nzuri. Sisi ndio tutakuwa wateja. Lakini hiyo misumari tutapigia wapi?"

Mafundi wa mbao walicheka. Diwani naye alicheka, akampiga begani, akasema huyu msichana ana akili. Nilijua siku ile ile kwamba hatamwacha.

Hakuweza kuuchukua ua bila yeye kukubali, maana kanuni ilikuwepo. Lakini muhula wa Nyambura ulikuwa karibu kwisha, na vijana wote walijua watamrudisha. Kila mtu mtaani alielewa kilichokuwa mezani. Nyambura akirudi, ua unabaki. Akianguka, ua unakwenda. Diwani akamleta mpwa wake, kijana anayeitwa Kibet, ambaye hakuwa mbaya, alikuwa tu hajawahi kubeba benchi.

Huo ndio mwaka wa mlolongo. Nyinyi mmeusoma shuleni. Chama kilikuwa kimoja, na watu walichagua kwa kupanga laini nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe, na mwenye laini ndefu ndiye mshindi. Agizo likatoka kwa diwani na wazee wa chama kwamba hata ukumbi wetu ufuate mtindo huo, maana vijana hawawezi kuwa na siri ambazo wazazi wao hawana. Nilimkimbilia Mzee Barasa nikijua atapinga. Nilimkuta stoo, amepanda juu ya benchi, anaweka makopo kwenye rafu ya juu kabisa.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na utasema nini?"

"Nitapuliza filimbi," akasema, bila kugeuka. "Ndio kazi wamenipa."

Nilifikiri amechoka tu. Mtu mnayemheshimu mnamtafutia sababu yeye mwenyewe hajatafuta.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye kile kiwanja cha mpira. Diwani alikaa kwenye kiti cha mkono kilichotoka ofisini, wazee wa chama kando yake, na askari wa utawala walisimama karibu na lango. Kibet akasimama upande mmoja, Nyambura upande wa pili. Vijana wakaanza kujipanga, na hata ng'ombe angeona mambo yanakwenda wapi. Kwa Kibet walikuwa wachache, wengine sijawahi kuwaona ukumbini. Kwa Nyambura walikuwa mafundi wote, washonaji wote, vijana wa timu, wasichana wa Jumatano, Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye walisema ulikuwa ukabila.

Sasa, vijana walikuwa wamejifunza jambo kwenye mlolongo wa wazazi wao. Waliona watu wakivutwa kutoka laini moja na kusukumwa kwenye nyingine. Nyambura hakutaka hilo limpate mtu wake.

"Tushikane viuno," akawaambia. "Karibu kabisa, mtu asipate pa kuingiza mkono. Akivutwa mmoja, wavute sisi wote."

Wakashikana. Kifua kwa mgongo, wamebanana mpaka wa nyuma alikuwa anapumulia shingo ya wa mbele, wanacheka. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilisema moyoni, leo hata mlolongo umeshindwa.

Kisha nikaangalia upande wa Kibet. Hawakushikana. Walisimama kila mtu peke yake, mikono chini, wamenyooka, na kati ya mmoja na mwingine kulikuwa na mwanya, na mwanya ulikuwa sawa kila mahali. Wa mwisho alikuwa amesimama kwenye goli. Laini ya Nyambura ilikuwa imeishia katikati ya uwanja.

Mzee Barasa akatembea. Alianza kichwani mwa laini ya kwanza akaenda mpaka mkiani, akarudi akafanya vivyo hivyo kwa ya pili, polepole, macho chini. Nilikuwa nangojea aguse vichwa, kama alivyokuwa anagusa punje mezani. Hakugusa. Akasimama mbele ya diwani, akapuliza filimbi.

"Laini ya Kibet imefika goli," akasema. "Laini ya Nyambura imefika katikati. Maagizo ni laini ndefu. Mshindi ni Kibet."

Kuna kijana alicheka akidhani Mzee anatania. Mimi nikatoka pale nilipokuwa nimesimama.

"Mzee, hesabu vichwa."

Hakuniangalia. "Madam, maagizo hayakusema vichwa."

"Lakini Mzee, wewe unaona."

"Maagizo yanasema urefu."

Nyambura alikuwa bado mbele ya watu wake. Hakupiga kelele. Akageuka, akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi na sisi tunyooshe mkono. Tupime."

Wakaachana viuno. Wakanyoosha mikono, vidole begani, na laini ikaanza kurudi nyuma. Ilipita katikati ya uwanja. Ilipita goli, ikapita lango, askari wakasogea kando wenyewe, ikatoka nje, ikashika barabara, ikapita bucha, na waliokuwa mwisho tukawa hatuwaoni tena. Watu wa mtaa walitoka nje ya vyumba vyao kuangalia. Sijaona kitu kizuri kama kile katika kazi hii, na hakikusaidia chochote.

"Filimbi imeshalia," alisema Mzee Barasa.

Diwani alisimama, akawashukuru vijana kwa nidhamu, akaondoka. Lakini hakuondoka haraka. Alitembea kando ya ile laini mpaka barabarani na wazee wake, akisalimu, akimuuliza huyu jina na yule mzazi wake ni nani. Hapo ndipo nilipoelewa mlolongo ni kitu gani hasa. Vijana walibaki wamesimama. Mvua ya Eldoret mnaijua, huja na baridi yake. Ilipoanza, wa mwisho wakaenda kwanza, wakafuata wengine, mpaka akabaki Nyambura uwanjani na uso wake umelowa. Nilimfunika kwa kanga yangu, naye akasema, "Madam, si tulikuwa wengi?" Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu niliingia ofisini mapema. Mzee Barasa alikuwa ameketi, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Nani aliwafundisha wale wa Kibet kupima?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Ijumaa jioni. Nyuma ya shule."

Nilikuwa nimekwisha kujua, kwa sababu hakuna mtu mwingine Huruma nzima aliyekuwa anapanga laini namna ile. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuambiwa na mwenyewe ni kingine.

"Kwa nini, Mzee?"

"Nyumba ninakaa ni ya ofisi," akasema. "Watoto wa binti yangu wako ndani, na mama yao alikufa. Nimebakisha miezi nistaafu. Waliniambia nichague, na hawakuniambia mara mbili."

"Ungekataa tu kusimamia. Wangemtafuta mwingine."

"Kukataa ni kutoka kwa laini, Jerotich. Na ukitoka unaonekana." Akashika ile filimbi, akaiachia. "Kopo halina macho. Uwanja una macho."

"Wale watoto pia walionekana, Mzee," nikamwambia. "Na wao hawakuwa na nyumba ya kupoteza, wala hawakuwa na filimbi. Walisimama."

Nilitoka nje, na tangu siku hiyo nilimsalimu kwa adabu na sikumwambia neno lingine la moyoni. Alipostaafu sikwenda kumuaga. Nilikuta makopo mlangoni kwangu, yamefungwa pamoja kwa waya, mikono ya sweta imefuliwa. Hakuacha ujumbe. Alikufa miaka michache baadaye kwao magharibi, na nilipopata habari nililia, halafu nikakasirika kwa kulia. Alinifundisha kila kitu ninachojua. Nilimchukia, na bado namchukia kidogo.

Kibet alikubali ua utolewe kwenye kikao chake cha kwanza. Hakuulizwa mara mbili yeye pia. Cherehani zilitolewa zikawekwa barazani, zikanyeshewa, akina mama wa kanisa wakaja kuzichukua bila kunisalimu. Kibanda kilibomolewa na vijana wale wale waliokijenga, kwa kibarua, maana walikuwa na njaa. Nesi alikuja Jumatano moja, akasimama na kikapu chake kwenye ukuta mpya wa duka, akarudi zahanati. Wasichana hawakumfuata. Mnaweza kunyamaza kidogo hapo, mkafikiria ni wangapi walipata shida wakanyamaza nayo, kwa sababu mimi nilifikiria kila Jumatano.

Na waliosimama kwenye ile laini walianza kujua wamesimama. Huyu alikwenda kwa chifu kutafuta barua ya kitambulisho, akaambiwa arudi kesho, na kesho ikawa haifiki. Yule alitafuta kibali cha kuuza mitumba, akaulizwa, si wewe ulikuwa karibu na bucha? Hivyo hivyo, akatajiwa mpaka mahali aliposimama. Mmoja mmoja walikuja kwangu ofisini, na mimi nilikuwa naandika, nasukuma, nabisha hodi kwenye milango ya watu waliokuwa wananikaribisha chai na kunirudisha mikono mitupu. Wengine walihamia Kitale, wengine Nakuru. Kibet alibeba saruji kwenye duka la mjomba wake mpaka mgongo ukaharibika, akafukuzwa. Alinijia pia. Nilimsaidia kama wengine, ingawa ulimi wangu haukuwa mtamu.

Nyambura alijua haraka kuliko wote. Hakupata chumba cha kushonea mtaa mzima, kila mwenye nyumba alikuwa amepangisha jana yake. Akarudi Munyaka kuuza sukuma wiki na mama yake. Mikono iliyokuwa inakata suti ikawa inakata mboga. Nilikuwa nanunua kwake, na yeye alikuwa ananiongezea bila kuniangalia.

Kisha vyama vikawa vingi, na wale wale wazee wakawa wanatuambia walikuwa wanapinga mlolongo kimoyomoyo. Tukaanza kuitwa hotelini kwa semina za kushirikisha vijana. Tulipewa karatasi kubwa na kalamu za rangi. Nilikwenda nikiwa na makopo yangu kwenye mfuko wa gunia, na kijana mmoja mwenye tai aliniuliza kama nimeleta chakula. Sikumlaumu. Niliendelea kuyatumia kila nilipopata vijana na chumba, na yalifanya kazi kama siku ya kwanza. Lakini sikuwahi tena kuona ukumbi uliokuwa na kitu cha kupoteza kama ule.

Mnakumbuka sherehe ya kuniaga mliyonifanyia juzi pale ukumbini Huruma. Mliniuliza nimwalike nani, nikasema Nyambura tu. Wengi wenu mlimwona, yule mama mfupi wa kitambaa cha bluu, mkadhani ni ndugu yangu. Alikaa kwenye benchi karibu na ukuta, ule ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na cherehani. Chakula kilipotengwa, Dennis, mdogo wenu kuliko wote na kijana mwenye heshima, alisimama akasema wageni wapange laini. Watu wakapanga. Nyambura hakuinuka.

"Mama, karibu kwa laini," Dennis akamwambia. "Chakula itaisha."

"Iishe tu, kijana yangu."

Nilimpakulia sahani nikampelekea. Dennis aliona aibu, akauliza kama mama ana shida ya miguu. Nikamwambia Nyambura ajibu mwenyewe.

"Miguu ni mzima," akasema. "Laini ndio sipangi. Benki natuma mtoto. Hospitali nangoja watu waishe. Nilipanga moja hapa nje, ikanitosha."

Dennis alifikiria. Alikuwa amesoma, akajua anachozungumzia. "Lakini mama, hayo mambo yaliisha. Siku hizi hata kura ni ya siri."

Nyambura alimaliza kwanza kumega ugali wake, kama alivyokuwa akimaliza mshono.

"Nimeskia ni ya siri," akasema. "Sijawahi kuiona. Si lazima nipange laini ndio niifikie?"

Makopo nimewaachia kabatini, kitambaa cha chini kibadilisheni kimechakaa. Nilikaa karibu na Nyambura tukala. Laini ilikuwa bado imefika mlangoni, na Dennis amerudi kuipanga, akiwaambia watu wasisukumane, wasogee mbele kidogo, kila mtu atafikiwa.